Umeme au petroli? Majibu kwa wasomaji wa Malindi na Lamu

Barua za Pwani zimekuwa nyingi tangu petroli ipande, na karibu zote zinauliza jambo moja: je, gari la umeme lina faida kulimiliki kuliko la petroli? Jibu letu hutegemea zaidi mahali gari linapolala na kilomita linazokwenda kwa siku. Mwenye uwanja wake na mita yake ya stima ana hesabu tofauti kabisa na mpangaji wa ghorofa ya pili anayeegesha barabarani.

Katika majibu yote tumechukulia petroli ni shilingi 180 kwa lita, na yuniti ya umeme ni shilingi 30 pamoja na kodi na tozo. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei mpya ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na bei ya yuniti utaiona kwenye risiti yako ya tokeni. Weka namba zako mahali pa zetu, hesabu itakwenda vilevile.

Assalam aleikum. Nakaa Muyeye na nafundisha Watamu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 50 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Gari langu ni la 1,300 cc na petroli inanimaliza. Nikihamia la umeme nitapata nafuu ya kweli, au nitakuwa nimehamisha gharama tu?
*Mwalimu, Muyeye*

Waaleikum salaam, Mwalimu. Safari yako ndiyo hasa inayolifaa gari la umeme: ni fupi, haibadiliki, na usiku gari liko nyumbani.

Kwa mwezi unakwenda kilomita 1,300. Gari lako likitoa kilomita 14 kwa lita, unachoma lita 93, yaani shilingi 16,700 hivi. Gari dogo la umeme hutoa kilomita 6 kwa kila yuniti inayopita kwenye mita, tukishahesabu umeme unaopotea kama joto wakati wa kuchaji. Hizo ni yuniti 217, au shilingi 6,500. Unabakiwa na shilingi 10,200 kila mwezi, zaidi ya 120,000 kwa mwaka.

Ongeza na sevisi. Gari la petroli linataka lita 4 hivi za oili na filta kila kilomita 5,000, plagi, na filta ya hewa. La umeme halina hayo. Linabaki na breki, tairi, filta ya AC, maji ya kupozea mota, mafuta kidogo ya giaboksi yake, na betri ndogo ya volti 12 ambayo hufa kama ile ya gari lolote. Tairi usizisahau, maana gari la umeme ni zito na huondoka kwa nguvu, kwa hiyo tairi huisha mapema.

Sasa upande wa pili wa mizani. Kama gari la umeme unalotaka linakuzidi nusu milioni juu ya bei utakayouza lako, itakuchukua zaidi ya miaka minne kurudisha pesa hizo kwa petroli peke yake. Katika miaka hiyo betri nayo inachoka. Kwa hiyo tunakwambia nunua, ila kwa masharti: tofauti ya bei isizidi laki nne hivi, betri iwe imepimwa (tazama barua inayofuata), na uwe na mahali pako pa kuchaji. Anayekwenda kilomita 500 tu kwa mwezi ataokoa kama shilingi 3,900, na huyo tungemwambia abaki na petroli yake.

Umeuliza pia kuhusu bei maalumu ya umeme wa magari. Ipo. Ilianza Aprili 2023, bei ya msingi shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa za usiku ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Lakini inahitaji mita ya peke yake. Kwa gari moja linalokula yuniti 217, gharama na mzunguko wa kupata mita ya pili ni vigumu kuvirudisha haraka. Mwenye tuktuk tano au basi, hilo ndilo jambo la kwanza kulifuatilia.

Nimeoneshwa Nissan Leaf ya 2016 kwenye yadi Mombasa. Muuzaji asema betri ni kama mpya, kwani mistari yote 12 inawaka kwenye dashibodi. Nimwamini?
*Msomaji, Barani*

Usimwamini yeye wala mistari yake.

Ile mistari 12 myembamba iliyo pembeni kabisa ya kipimo cha chaji inaonesha afya ya betri, wala si chaji iliyobaki. Mstari wa kwanza hauzimiki mpaka betri ipoteze asilimia 15 hivi ya uwezo wake. Kwa hiyo mistari 12 inaweza kuwa betri nzima, au betri iliyobaki na asilimia 86. Baada ya hapo kila mstari ni asilimia 6 na kitu. Gari lenye mistari 8 limeshapoteza thuluthi moja.

Lakini kuna ujanja mkubwa zaidi. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu zake, ikaanza upya kana kwamba betri imetoka kiwandani. Mistari yote inarudi. Baada ya wiki kadhaa za kuendesha na kuchaji, kompyuta inajua ukweli na mistari inaanza kuzima mmoja mmoja, nawe umeshalipa.

Fanya hivi. Nunua kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari (OBD2) chenye Bluetooth na uweke programu ya LeafSpy kwenye simu. Kifaa kinachomekwa chini ya usukani. Tazama kwanza namba ya Ah (ampea-saa), yaani uwezo wa betri. Leaf ya 24 kWh (kWh moja ni yuniti moja) ikiwa mpya huwa na kama 66, ya 30 kWh kama 80, ya 40 kWh kama 115. Ukiona 46 kwenye ya 24 kWh, umebaki na asilimia 70.

Kisha fungua ukurasa wa seli. Utaona nguzo 96, kila moja ikiwa jozi ya seli. Kipimo hiki kifanye chaji ikiwa imeshuka hadi asilimia 25 au 30, kwa sababu betri ikijaa hata seli mbovu huonekana nzima. Tofauti kati ya iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa ikiwa ndani ya milivolti 50, sawa. Nguzo moja ikiwa imezama milivolti 100 au zaidi chini ya wenzake, kuna moduli iliyochoka, na gari litazima ghafla njiani wakati dashibodi bado inasema una chaji. Moduli moja hubadilishwa, lakini ni lazima betri nzima ishushwe chini ya gari, basi punguza bei kabla ya kukubali.

Kufuta kumbukumbu kunaweza kuzidanganya hata namba za Ah. Barabara haidanganywi. Mwambie muuzaji alijaze gari hadi asilimia 100, washa AC, uende mwendo wa 80 mpaka ibaki asilimia 20, huku ukiandika kilomita. Leaf ya 24 kWh ikiwa nzima itakupa kilomita 110 au zaidi kwa hiyo asilimia 80. Ikikupa 60, betri imebaki nusu, dashibodi iseme itakavyo. Muuzaji akikataa jaribio hili, amekujibu.

Tunasisitiza haya kwa Leaf kwa sababu ya hewa yetu. Betri yake imefungwa chini ya sakafu bila maji ya kuipoza wala feni, inategemea upepo tu. Katika jimbo la Arizona, Marekani, wenye Leaf walilalamika mwaka 2012 kwamba joto linakula betri zao, hata Nissan ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo: isishuke chini ya mistari 9 kwa miaka 5 au maili 60,000. Malindi haina joto kali la Arizona, lakini pia haina majira ya baridi ya kuipumzisha betri. Usiku hapa ni joto, mwaka mzima.

Kumbuka vilevile kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Leaf ya umbo la kwanza iliacha kuundwa mwaka 2017, kwa hiyo yoyote unayooneshwa leo imekaa nchini au yadini kitambo. Muulize ilikaa wapi na kama ilikuwa inachajiwa. Betri iliyoachwa juani kwa miezi ikiwa imejaa pomoni huzeeka kuliko iliyoendeshwa kila siku.

Bajeti ikiruhusu, tafuta gari ambalo betri yake inapozwa kwa maji au kwa gesi ya AC: Hyundai Kona ya umeme, BMW i3, MG ZS EV, au za BYD. Betri za BYD nyingi ni za aina ya LFP, ambayo inavumilia joto na kujazwa mara kwa mara kuliko aina nyingine. Ila hakikisha tundu la kuchajia. Gari lililoundwa kwa soko la ndani la China lina tundu la GB/T, la Japani lina Type 1 na CHAdeMO, la Ulaya lina Type 2 na CCS2. Adapta zipo, lakini kila adapta ni mahali pengine pa kupata moto.

Tulianza kuchaji gari kwa soketi ya kawaida gerejini. Baada ya wiki tatu soketi imekuwa ya kahawia na inanuka plastiki. Gereji yetu ni ya makuti. Fundi asema tubadilishe soketi tu.
*Dada, Casuarina*

Dada, acha kuchaji hapo leo. Soketi ni dalili tu, na ukiibadilisha peke yake mpya nayo itaungua.

Tazama kinachotokea. Chaja ndogo inavuta ampea 10 kwa saa nane mfululizo. Pasi ya nguo huwaka na kuzima, chaja haipumziki. Huku kwetu hewa ya chumvi huingia ndani ya soketi na kuweka ukungu wa kijani kwenye shaba, na skrubu zilizoshika waya hulegea. Ukinzani wa ohm 0.2 tu kwenye skrubu moja, ampea 10 zikipita, hutoa wati 20 za joto ndani ya kikopo cha plastiki kilichofungwa. Ndiyo hiyo harufu. Ukiwa na ampea 15, joto linazidi mara mbili.

Angalia pia waya wa kuchajia wenyewe. Ule unaokuja na gari kutoka Japani umeundwa kwa volti 200 na plagi ya huko, na huvuta ampea 15. Mafundi wengi hukata kichwa chake na kufunga plagi yetu ya pini tatu, ambayo mwisho wake ni ampea 13. Kama wako umefanyiwa hivyo, uweke kando. Nunua chaja ya volti 230 yenye plagi yake ya kiwandani na swichi ya kuchagua ampea 6, 8, 10.

Mpe fundi kazi hii. Avute waya mpya kutoka kwenye boksi kuu la nyumba moja kwa moja hadi kwenye soketi ya gari, usishirikiane na taa, pampu wala friji. Kwa soketi moja waya wa milimita 4 za mraba unatosha. Kwa chaja ya ukutani ya ampea 32, aweke wa milimita 6, na umbali ukizidi mita 20, milimita 10. Mwanzoni mwa waya huo aweke breka yake, ampea 16 kwa soketi au 40 kwa chaja ya ukutani, pamoja na kinga ya mshtuko ya miliampea 30 iliyo ya aina A. Ile ya aina AC iliyozoeleka madukani haifai, kwa sababu umeme wa moja kwa moja (DC) ukivuja kutoka kwenye gari unaweza kuipumbaza isikatike. Soketi iwe ya nje, yenye kifuniko cha kuzuia maji, na skrubu zikazwe tena kila baada ya miezi mitatu, swichi kuu ikiwa imezimwa.

Waya wa erthi ndio unaodharauliwa kuliko yote. Malindi nyingi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe na mchanga mkavu, na fimbo ya shaba ya mita 1.2 iliyopigwa nusu ikagoma haishiki ardhi. Chaja nzuri hulitambua hilo na kukataa kuwasha, taa nyekundu, na watu hudhani chaja ni mbovu. Fundi apige fimbo mbili au tatu zilizoachana mita mbili na nusu, aziunganishe kwa waya wa milimita 16, upande ambao maji ya bafu au ya bustani huloweka ardhi, kisha apime kwa kipima erthi. Isome ohm chache. Ikisoma mamia, hakuna erthi.

Sasa makuti. Gari lenyewe kushika moto likichaji ni nadra sana. Soketi na ekstensheni ndizo zinazowaka. Lakini chini ya makuti cheche moja inatosha kuondoka na paa, na pengine na la jirani, upepo wa kusi ukiwa umeshika. Weka chaja kwenye ukuta wa mawe, gari likae nje chini ya mwembe au banda la mabati. Kivuli ni muhimu kwa betri, makuti si lazima. Na ekstensheni usitumie, hata ile nene. Waya uliobaki umezungushwa kwenye kibiringita chake hujipika wenyewe kwa ndani.

Kwa kawaida ya kila siku, gari lenye betri isiyo LFP lichaji hadi asilimia 80, ulijaze tu asubuhi ya safari. La LFP lijaze hadi 100 mara moja kwa wiki ili kompyuta isawazishe seli.

Nina sola ya kilowati 5 hapa Mambrui. Itatosha gari? Na stima ikikatika chaja inagoma, kwa nini?
*Mzee wa shamba, Mambrui*

Shikamoo, Mzee. Paneli 10 za wati 550 kwa jua la Mambrui zitakupa yuniti 20 hivi kwa siku nzuri. Nyumba yenye friji, pampu na feni ikila 8, unabaki na 12, sawa na kilomita 70. Inatosha kabisa, ila gari liwe nyumbani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ukilichaji usiku kutoka kwenye betri za nyumba, unachosha betri moja kujaza nyingine. Weka chaja kwenye ampea 10, ambayo ni kilowati 2.3; siku ya mawingu ishushe hadi 6, ili inveta isizidiwe.

Kuhusu kugoma: stima inapokatika, inveta hujitenga na gridi, na inveta nyingi hapo hazina muungano kati ya waya wa neutro na erthi. Chaja inatafuta erthi, haioni, inakataa. Mwambie fundi wa sola awashe muungano huo kwenye mipangilio ya inveta, au afunge kikontakta (swichi inayojiendesha yenyewe) kinachouunga wakati wa kukatika tu. Kisibaki kimeungwa muda wote, maana kitagongana na muungano wa gridi na breka zitakuwa zinaruka.

Naendesha tuktuk mjini, kama kilomita 100 kwa siku. Nimepewa bei za tuktuk mbili za umeme: moja ya betri za asidi, rahisi, na moja ya lithiamu, ghali. Nichukue ipi, au nibaki na petroli?
*Dereva, stendi ya Malindi*

Kaka, ya petroli inakunywa lita 4 kwa hizo kilomita 100, shilingi 720. Ya umeme inakula yuniti 8, shilingi 240. Ni shilingi 480 kwa siku, na ukifanya kazi siku 26, zaidi ya 12,000 kwa mwezi. Kati ya barua zote za ukurasa huu, wewe ndiye unayefaidika zaidi na umeme, kuliko hata wenye magari.

Lakini si kwa betri za asidi. Seti ya betri tano za volti 12, Ah 100, ni yuniti 6 kwenye karatasi. Hata ukizikausha hadi asilimia 20 zitakupeleka kilomita 60 tu, siku haijaisha. Na ukizikausha hivyo kila siku zinakufa baada ya mizunguko 300 hadi 500, yaani mwaka mmoja au mmoja na nusu. Joto huzimaliza mapema zaidi: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya asidi kwa nusu, na chini ya kiti cha tuktuk mchana wa Februari si mahali pa baridi. Betri moja kwenye seti ikilegea, nne nyingine zinaifuata.

Lithiamu ya LFP huenda mizunguko 2,000 na zaidi. Ipige hesabu kwa miaka mitano, si kwa siku ya kununua, utaona ile ghali ndiyo rahisi. Kabla ya kulipa uliza mambo haya na yaandikwe kwenye risiti: uwezo kwa kWh (kwa safari zako usikubali chini ya 7, na ujichajie kidogo wakati wa chakula cha mchana), dhamana ya miaka mingapi, na nani Pwani ana BMS (kompyuta ya betri) na kontrola (kifaa kinachoongoza mota) za akiba. Tuktuk iliyolala wiki mbili ikingoja kontrola imekula akiba yako ya mwezi. Kontrola ifungwe juu, mbali na maji ya barabarani; mvua za masika ndizo zinazoziua.

Kazi yangu iko Lamu. Gari naliacha Mokowe, navuka kwa boti, nalikuta baada ya wiki mbili au tatu. Mara moja kwa mwezi nashuka Malindi. La umeme litanifaa?
*Msomaji, Langoni, Lamu*

Halitakufaa kwa sasa. Kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200. Leaf ya 40 kWh iliyotumika, AC ikiwa inafanya kazi, mwisho wake ni hapohapo 200, na katika njia hiyo huwezi kupanga safari ukitegemea kukuta chaja ya haraka. Kuchaji kwa soketi ya mtu njiani ni saa tano kwa kilomita 60 au 70. Barabara ile si ya kukaa ukingoja hadi giza liingie.

Zaidi ya hapo, kisiwani gari halina kazi. Mji Mkongwe hupitwa kwa miguu na kwa punda. Kwa hiyo gari lako litakuwa la safari ndefu tu, na huko ndiko la umeme linakopoteza faida yake: halikuokolei pesa likiwa limesimama Mokowe.

Kwako tunashauri la haibridi, linalotumia petroli na mota ya umeme pamoja, kama Toyota Aqua au Axio. Linatoa kilomita 20 na zaidi kwa lita na halingoji chaja. Angalizo moja: betri yake kubwa iko nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia matundu madogo kando ya kiti cha nyuma. Mchanga na nywele huziba hapo, betri inachemka, taa ya haibridi inawaka, na mtu anauziwa betri mpya bila sababu. Kila miezi sita fungua kifuniko, toa kichujio, kipige brashi kavu, na safisha mabawa ya feni. Na mizigo usiibandike kwenye matundu hayo. Likikaa wiki tatu Mokowe, chomoa waya hasi wa betri ndogo ya volti 12 ili uikute hai.

Anayelazimika kuacha la umeme kwa muda huo, aliache na asilimia 50, kivulini. Asiliache limejaa, wala asiliache chini ya asilimia 20.

Chumvi ya bahari inaliua gari la umeme haraka kuliko la petroli? Na likiingiwa na maji ya bahari?
*Msomaji, Silversands*

Kutu ya bodi ni ileile. Tofauti iko kwenye breki. Gari la umeme hupunguza mwendo kwa mota, breki hazishiki sana, basi diski hubaki na kutu na pedi huganda. Mara moja kwa wiki, penye barabara tupu, tia gia ya N ukiwa kwenye mwendo wa 60 na ukanyage breki kwa nguvu mara tatu nne. Mvungu uoshe kwa maji baridi ya kawaida. Mashine ya presha isielekezwe kwenye waya za rangi ya chungwa wala viungio vyake.

Maji ya bahari kufika kwenye betri ni jambo jingine kabisa. Chumvi hupitisha umeme kati ya seli, na betri inaweza kuwaka baada ya siku au wiki, hata ikiwa imekauka. Ilitokea Florida baada ya kimbunga Ian mwaka 2022. Usiliwashe, usilichaji. Livutwe kwa gari la kubebea hadi uwanja wazi, mita 15 kutoka kwenye nyumba, makuti au gari jingine, na watu wa bima waitwe. Kwa hiyo kushusha boti ufukweni kwa kurudisha gari la umeme ndani ya maji, hapana.

Fundi wangu wa miaka yote ni wa petroli. Ataweza kulitengeneza?
*Msomaji, Maweni*

Breki, tairi, shokamzoba, mpira wa stelingi, AC upande wa abiria, betri ya volti 12: ataweza, hayo ni yaleyale. Kompresa ya AC aiache. Inaendeshwa kwa umeme mkubwa na inataka mafuta yake maalumu yasiyopitisha umeme. Akitia ya kawaida, umeme unavuja na gari zima linakataa kuwaka.

Waya wowote wa rangi ya chungwa ni wa umeme mkubwa, mara nyingi volti 300 hadi 400, na huo unaweza kumuua mtu aliyeushika. Asiuguse kabla ya kuzima gari, kupeleka ufunguo mbali, kuchomoa betri ya volti 12, kuvaa glavu za umeme za volti 1,000 zisizo na tundu, kutoa plagi ya usalama ya betri kubwa, na kungoja dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Kisha apime kwa mita na aone sifuri. Fundi asiye na glavu hizo na mita ya kupima volti 1,000 umwachie tairi na breki, hata kama ni ndugu yako.